Kisima Kilichoharibu Uchaguzi

Shukrani zote ni za Mola aliyeumba maji kabla ya kuwaacha watu waunde halmashauri, maana lau mpangilio ungalikuwa kinyume, viumbe wangalikufa kwa kiu wakisubiri kikao. Ama baada ya hayo: ipo nchi ambayo jina lake halitaandikwa hapa, si kwa hofu, bali kwa kuwa jina hilo ni mali ya serikali na halitumiki ila kwa kibali, na ofisi ya vibali imefungwa kwa ajili ya sherehe. Katika nchi hiyo upo mji, na katika mji huo ipo kata iitwayo Kisimani, na katika kata hiyo, ubavuni mwa msikiti mdogo wa mawe, kilikuwapo kisima.

Kisima hicho kilichimbwa kwa mali ya bibi mmoja mcha Mungu, aliyekiweka wakfu kwa kila mwenye kiu na kila mwenye kutawadha. Mabomba ya Halmashauri yalikuwapo pia, na yalipakwa rangi kila mwaka, ila hayakuwa na desturi ya kutoa maji. Kwa hiyo kata nzima ilikunywa, ikapika, ikafua na ikaosha maiti wake kwa maji ya kisima kile. Aliyekitunza, akafagia ukingo wake na kubadilisha kamba yake ilipochakaa, alikuwa Maalim Ngwali bin Khelef. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, naye baba yake kwa babu, naye babu alikabidhiwa na yule bibi kwa mkono wake. Maalim alisomesha Kurani asubuhi na kutunga mashairi jioni, na katika umri wake wote hakuwahi kuinua sauti yake juu ya sauti ya mwadhini. Hofu yake ilikuwa moja tu, nayo aliitaja katika kila sijda: kwamba Siku ya Hesabu ataulizwa kuhusu kisima, na asiwe na la kujibu.

*

Uchaguzi wa diwani nchini humo hufanywa kwa foleni. Karatasi za kura zilipigwa marufuku zamani, baada ya kubainika kwamba zinaweza kuhesabiwa mara ya pili. Badala yake kila mgombea husimama kiwanjani, wanaomtaka husimama nyuma yake, na Msimamizi wa Uchaguzi hupita akitazama. Neno la sheria ni hilo, kutazama. Kuhesabu ni hiari yake.

Kiwanja cha Kisimani ni kile kilichokizunguka kisima. Asubuhi ya uchaguzi Mheshimiwa Dadi Farhani, ambaye alikuwa diwani tangu wengi wa wapiga kura hawajazaliwa, na ambaye aliitwa Mheshimiwa hata na mkewe, alisimama upande wa kivuli. Nyuma yake walisimama shemeji zake, dereva wake, na watu wachache waliodhani ni foleni ya mchele. Upande wa jua alisimama Fundi Mcha, mshona kanzu, ambaye katika kampeni zake zote hakuahidi kitu ila kununua kamba mpya ya kisima na kukitengenezea kifuniko. Nyuma ya fundi ilisimama kata. Foleni ikaupinda ukuta wa msikiti, ikapita duka la mafuta ya taa, ikaendelea mpaka mahali ambapo Msimamizi hakuwa na haja ya kutazama.

Sasa basi, watu wa Kisimani hawatoki majumbani mwao asubuhi bila ndoo. Ni mazoea ya miguu na mikono. Mtu angeweza kusahau kofia yake, ndoo asiisahau. Walikuwa wamepiga hesabu kama watu wenye akili zao: tukishachagua, tuteke maji, turudi nyumbani. Kwa hiyo foleni ya Fundi Mcha ilikuwa foleni ya watu na ndoo zao.

Msimamizi alitazama. Akavua miwani, akaifuta, akatazama tena. Kisha akapanda juu ya kiti.

"Ndugu wananchi," alisema, "nimeona foleni mbili. Ya upande wa kivuli ni foleni ya wapiga kura. Ya upande wa jua ni foleni ya maji. Mtu mwenye ndoo mkononi, na kisima mbele yake, hawezi kuithibitishia Tume kwamba amesimama kwa ajili ya mgombea. Tume haina uwezo wa kuingia nyoyoni mwa watu. Hilo ni la Mwenyezi Mungu peke yake. Kwa hiyo Mheshimiwa Dadi Farhani amepita bila kupingwa."

"Lakini mimi sikuwa na ndoo," alisema Fundi Mcha.

"Wewe ulikuwa mgombea, hukuwamo katika foleni. Usichanganye mambo, fundi."

Bi Mize, mke wa Maalim Ngwali, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwahi kupata likizo, aliiweka ndoo yake chini. "Haya, tumeziweka. Tazama tena, mwanangu."

"Mama yangu," alisema Msimamizi kwa upole mwingi, "kutazama kumekwisha."

*

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, Mheshimiwa Dadi alikuja kutoa hotuba ya kupokea imani ya wananchi. Ili aonekane vizuri, alisimama juu ya ukingo wa kisima chenyewe.

"Wananchi wenzangu," alisema, "uchaguzi wetu ulikuwa huru, ulikuwa wa haki, na ulikuwa na kivuli cha kutosha. Hata hivyo umeingia doa. Wapo wenzetu, wala siwataji, waliotoka majumbani mwao kwa nia njema ya kutimiza wajibu wa kikatiba, wakavutwa na maji. Nani wa kulaumiwa? Ni mwananchi? Hasha. Mwananchi hana kosa. Mwananchi ana kiu. Mwenye kosa ni huyu hapa." Akakigonga kisima kwa kisigino cha kiatu. "Maadamu kisima hiki kipo, hatutajua kamwe nani amesimama kwa nia gani. Basi, ili kuwarudishia wananchi kura yao, Halmashauri imeazimia kukifukia mwezi utakapoandama, na juu yake kulijenga Jukwaa la Shukrani, ambapo nitawashukuruni."

Watu walipiga makofi. Makofi nchini humo huanza hotuba inapoanza na huisha inapoisha, wala hayana uhusiano na maneno ya katikati.

"Na maji, Mheshimiwa?" aliuliza Bi Mize.

"Litakuja lori la maji."

"Lini?"

"Litakuja," alisema Mheshimiwa, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujibu.

Maalim Ngwali alikuwa ameketi kwenye baraza ya msikiti, tasbihi mkononi. Alikisikia kile kisigino kikigonga jiwe, na akahisi kana kwamba kimegonga mahali fulani ndani yake, chini ya mbavu, mahali ambapo babu yake alikuwa angali hai.

*

Ieleweke kwamba Maalim hakuwa mtu asiye na silaha. Mji ule ulikuwa na desturi yake, na desturi hiyo ilikuwa na nguvu kuliko sheria, kwa kuwa sheria ilibadilishwa kila Jumanne. Jambo zito halikusemwa kwa nathari katika mji ule. Nathari iliachiwa matangazo ya minada na ya vifo. Mwenye dai alilitungia shairi, akalipeleka gazetini, likachapwa. Na aliyedaiwa, awe sokoni au awe ikulu, alilazimika kujibu kwa shairi la vina vile vile. Asipojibu, dai limempata, na watu humsusa hata harusini. Kwa njia hiyo gavana mmoja wa zamani alirudisha punda wa wenyewe, na kadhi mmoja alijiuzulu kwa tenzi ndefu yenye majonzi ambayo watu waliisoma mpaka imechanika.

Basi Maalim Ngwali, baada ya alasiri, akachukua kalamu. Alikuwa na huzuni, na alikuwa na haraka, nayo ni mambo mawili ambayo hakuzoea kuwa nayo pamoja. Kalamu ilikimbia. Ubeti wa kwanza ulikuwa huu:

Nauliza wahesabu, mliokaa mezani,
Watu wetu kwa hisabu, mwawaweka fungu gani?
Ndoo imekuwa tabu, kuishika mkononi?
Kisima kimekosani, hata kitiwe mchanga?

Akamsomea Bi Mize lote. Bi Mize aliacha kupepeta mchele.

"Limenyooka," alisema. "Hata mimi nimelielewa mara moja, na hilo halijapata kutokea. Lipeleke kabla hujalitengeneza."

Akalipeleka kwa Bwana Zubeiri, mhariri wa *Sauti ya Kata*, gazeti la mtaani lililochapwa kila wiki pale ilipopatikana karatasi. Bwana Zubeiri alilisoma akiwa amesimama, akaketi, akalisoma tena. "Maalim," alisema, "hili Halmashauri haina pa kulikwepa. Lazima wajibu. Na wakijibu, wajibu nini?" Akaliweka ukurasa wa mbele, akaliondoa hapo hata tangazo la mnada wa kabati.

Maalim Ngwali alilala usiku ule kama mtu aliyekwisha kutua mzigo.

*

Asubuhi gazeti lilipotoka, wazee walikuwa kwenye baraza ya msikiti, vikombe vya kahawa mikononi. Shairi lilisomwa kwa sauti mpaka mwisho. Kukawa kimya. Maalim alikichukulia kimya kile kuwa ni heshima.

Aliyekivunja alikuwa Shehe Bwanakheri, malenga mwenziwe, ambaye walikuwa wakishindana naye kwa tungo, kwa mapenzi, tangu ujanani.

"Maalim," alisema taratibu, "hukubisha hodi."

Vikombe vikashuka vyote. Ilikuwa kweli. Desturi ile ile iliyomlazimisha mkubwa ajibu, ilimtaka mtungaji afungue kwa ubeti wa hodi: amsalimu mhariri, awatake radhi wasomaji, aombe nafasi, ndipo aseme. Hakuna shairi lililowahi kuingia gazetini bila hodi tangu mji ule upate gazeti. Maalim mwenyewe alikuwa amewafundisha vijana kwa fimbo kwamba shairi lisilo na hodi ni mtu aliyeingia chumba cha watu na viatu vyake.

"Nilikuwa na haraka," alisema Maalim. "Mwezi unakaribia kuandama."

"Haraka tunaijua," alisema Bwanakheri, na macho yake yalikuwa na huruma ya kweli. "Lakini hodi ni hodi."

"Kisima chenu kinafukiwa, Shehe. Na wewe unateka hapo."

"Ndiyo maana inaniuma. Jambo kubwa namna hii, ukaliingiza bila hodi."

Gazeti la *Mwangwi*, ambalo ni la serikali na sifa yake ni kusikika kabla ya sauti, lilitoka siku ile ile na kichwa cha habari kilichotandazwa ukurasa mzima: MZEE AINGIA BILA HODI. Ndani yake mlikuwa na tahariri juu ya kuporomoka kwa adabu, mahojiano na mtaalamu wa milango, na picha ya Maalim iliyopigwa wakati anapiga chafya. Juu ya kisima hapakuwa na neno. Wiki hiyo hiyo Shehe Bwanakheri, kwa moyo mzito na kwa vina visivyo na dosari, alichapisha shairi lenye kibwagizo ambacho watoto walikiimba njiani: *Alokuja bila hodi, vipi apewe jawabu?*

Hapo mji ukawaka. Walizuka Wenye Hodi na walizuka Wenye Udhuru. Wenye Hodi walisema dai lisikilizwe baada ya adabu. Wenye Udhuru walisema mzee asamehewe, kwa kuwa umri umekwenda na huenda kumbukumbu imempungua. Msikitini watu walisali safu moja, wakatoka kwa milango miwili. Ndoa moja ilivunjwa, na nyingine, iliyokuwa ikisuasua, ikaimarika kwa kupata jambo la kuzungumza.

Wenye Udhuru ndio waliokuwa rafiki zake. Fundi Mcha, aliyeporwa udiwani mchana kweupe, alimjia nyumbani na kitambaa cha kanzu kama zawadi.

"Mimi niko nawe, Maalim, kufa na kupona," alisema. "Ila kwa hili la hodi umetuangusha. Ulitupatia shoka lisilo na mpini."

"Fundi, wewe ndiye uliyeshinda."

"Najua. Lakini nitajitetea vipi kwa shairi lisilo na hodi? Watasema nami sina malezi."

*

Kulikuwa na mwanamke aitwaye Saumu, mtengeneza simu, mwenye kibanda kandokando ya kiwanja na blogu iitwayo *Chungulia*. Siku ya uchaguzi alikuwa ameipiga picha foleni yote, kutoka kwa Fundi Mcha mpaka kule ilikoishia, kila uso na kila ndoo. Maalim alipokumbuka hilo, alikwenda akaketi kwenye kigoda chake.

"Mwanangu, ile picha unayo?"

"Shikamoo, Maalim. Ninayo, na nimekwisha kuiweka. Imetazamwa na watu wengi kuliko waliokuwamo ndani yake." Akamgeuzia kioo cha simu. "Haya, soma maoni."

Maalim alisogeza simu mbali na macho kama afanyavyo msomaji wa zamani. Mmoja aliandika: *Picha nzuri, ila mzee angebisha hodi.* Mwingine: *Nipo nchi za mbali, huku hodi tunaililia, nyinyi mnaichezea.* Wa tatu aliandika kwa ukali kwamba yeye ni wa Kisimani hasa, na bibi yake ni yule mwenye ndoo ya kijani, na kwamba bibi huyo hakumlea yeye kuingia mahali bila hodi. Aliyefuata alimtukana mama wa yule wa tatu. Wa baada yake alikuwa akiuza dawa ya kuotesha nywele.

"Hakuna aliyeuliza kwa nini ndoo zile hazikuhesabiwa?"

"Yupo mmoja. Wenziwe wamemripoti."

"Na wewe mwenyewe, Saumu, unasemaje?"

Saumu alichukua bisibisi, akaiinamia simu ya mtu. "Mimi naweka picha tu, Maalim. Lakini kama unaniuliza kinyumbani," akashusha sauti, "hodi ni hodi. Usije ukasema nimesema."

Alipotoka kibandani, lori la Halmashauri lilikuwa limesimama kiwanjani. Maalim aliharakisha, akidhani ni lile la maji. Lilikuwa la mchanga.

*

Siku chache kabla ya mwezi kuandama, Halmashauri ilijibu. Ilijibu kwa nathari, kwa kuwa, kama ilivyoeleza, haikuwa imedaiwa bado.

"Halmashauri," lilisema tangazo lililosomwa kwa kipaza sauti juu ya gari, "inapenda kuwajulisha wananchi kwamba jawabu la suala la kisima lipo, limeandaliwa, na ni zuri mno. Limewekwa kabatini. Halmashauri inatamani kulitoa hata leo. Lakini Halmashauri, kama mlinzi wa mila, haiwezi kumjibu mtu ambaye, kwa mujibu wa desturi, bado hajafika."

Mji uliipenda kauli ile. Hata Wenye Udhuru walikiri kwamba imepangika. Maalim Ngwali naye aliona mwanya: kama ni hodi tu, hodi atabisha. Akaketi akatunga ubeti wa hodi, na kwa kuwa alikuwa bingwa, na kwa kuwa safari hii aliutunga akiwa na machozi, ukatoka ubeti ambao mji ule haujawahi kuuona mfano wake:

Hodi hodi naingia, mhariri nipokee,
Kwa adabu natulia, mlangoni ningojee,
Neno nililokujia, idhini unitolee,
Radhi zenu nizengee, hodi wenyewe wa nyumba.

Bwana Zubeiri aliupokea kwa mikono miwili, kisha akajikuna shingo.

"Uzuri wake hauna mjadala. Lakini hapa pana mushkeli, Maalim. Wewe umekwisha kuingia. Mtu aliye ndani anabishaje hodi?"

"Ulisema hawana pa kukwepa."

"Nilisema. Nikasahau mlango." Alikuwa mtu mwema, na aliona haya. "Nimewauliza Halmashauri. Wanasema utoke nje kwanza, ndipo ubishe."

"Nitoke nje vipi? Shairi si chumba."

"Uliondoe lile la kwanza. Uchapishe kwamba umelifuta, kwamba hukuuliza kitu. Ukishatoka, utabisha hodi, utakaribishwa, na utauliza upya, swali lile lile. Hapo watajibu, wameapa. Kabatini lipo, nimeliona kabati."

Maalim aliuliza nyumbani. Bi Mize alikuwa akimimina maji ya kisima mtungini polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa.

"Usitoke," alisema. "Ukitoka umetoka."

"Desturi ndiyo silaha niliyo nayo, Mize. Siwezi kuishika kwa makali."

"Basi nenda. Lakini mimi nitajaza kila chombo kilichomo humu ndani, hata kibia."

Maalim alitoka nje. Katika *Sauti ya Kata*, ukurasa wa nyuma, chini ya mnada wa lile kabati ambalo lilikuwa halijapata mnunuzi, ilichapwa taarifa kwamba Ngwali bin Khelef amelifuta shairi lake na hana swali. Juu yake ukachapwa ubeti wa hodi.

Mwezi uliandama jioni ile ile. Asubuhi lori lilipiga honi. Maalim alikimbia kwa kadiri miguu ilivyomruhusu, akasimama mbele ya mchanga, akamwambia msimamizi wa ujenzi kwamba suala la kisima liko gazetini. Yule bwana alikuwa na adabu zake. Alilitoa gazeti mfukoni, akalikunjua, akamwonesha kwa kidole.

"Hapa mzee umesema huna swali. Au si wewe?"

"Ni mimi. Lakini nimebisha hodi."

"Hodi nimeiona. Nzuri sana. Ungojee karibu."

Mchanga ulipomwagika kwa mara ya kwanza, kisima kilitoa sauti ya maji yanayopokea kitu kizito. Kwa mara ya pili sauti ilikuwa ndogo. Baada ya hapo hakikusema tena.

*

Hodi ile ilikuwa imekwenda mbali. *Mwangwi* waliichapa ndani ya fremu ya maua. Blogu za nje zikaiokota, watu wakaitia sauti na ala. Shehe Bwanakheri, mwenye insafu siku zote, aliandika kwamba tangu kuumbwa mlango haijabishwa hodi kama ile, na Wenye Hodi na Wenye Udhuru wakapatana juu yake wakilia. Wizara ikampa Maalim Ngwali Nishani ya Adabu. Na kwa kuwa Jukwaa la Shukrani lilikuwa limekamilika na linahitaji jambo la kuzindulia, ikaamuliwa avishwe hapo.

Hakutaka kwenda. Bwana Zubeiri alimwambia huenda karibu ya hodi yake ikatolewa siku hiyo, mbele ya watu, naye akapata kuuliza. Akavaa kanzu aliyoshonewa na Fundi Mcha, akaenda.

Jukwaa lilikuwa na paa la mabati, ngazi, na mbele yake uwanda wa udongo uliosawazishwa, pale pale palipokuwa na ukingo. Mheshimiwa Dadi alihutubia. Alieleza kwamba huyu ndiye mwananchi wa mfano: aliteleza, akatoka, akabisha, na sasa anangoja kwa utulivu. "Nchi ingekuwa na watu wote wa namna hii," alisema, "tungekuwa tumemaliza kazi zamani." Akaendelea kueleza kazi hiyo ni ipi, hata jua likapinda, na hatimaye mwadhini, ambaye hakuwa katika ratiba, akaadhini alasiri.

Maalim alimwinamia mtumishi wa itifaki. "Mwanangu, naomba maji nitawadhe."

"Chupa zimekwisha, mzee wangu. Iliyobaki ni ya Mheshimiwa, na hotuba bado."

Maalim Ngwali akashuka ngazi. Akatembea mpaka pale uwandani, miguu yake ikapajua bila kuambiwa. Akapiga magoti, akatia nia, akavipiga viganja vyake juu ya udongo, akapangusa uso. Akavipiga tena, akapangusa mikono. Ndivyo dini ilivyomruhusu aliyekosa maji. Na kwa umri wake wote aliokaa ubavuni mwa kisima kile, hakuwahi kuhitaji ruhusa hiyo. Kamera zilimzunguka kama nzi.

*Mwangwi* la kesho yake liliandika: MZEE AJIPAKA UDONGO WA MAENDELEO KWA FURAHA. Katika *Chungulia* kulikuwa na video, na chini ya video watu walibishana kama alianza kwa mkono wa kulia.

*

Lori la maji liliahidiwa asubuhi ya siku iliyofuata, kando ya Jukwaa. Watu wa Kisimani wakaja na ndoo zao, kwa mazoea ya miguu na mikono. Mitungi ya Bi Mize ilikuwa imekauka mpaka kibia, kwa hiyo naye alikuwapo, na Maalim nyuma yake, na Fundi Mcha, na Shehe Bwanakheri aliyekuja na birika tu. Foleni ikaanzia Jukwaani, ikaupinda ukuta wa msikiti, ikapita duka la mafuta ya taa. Lori halikuja.

Badala yake lilikuja gari jeupe, na kutoka ndani yake akashuka Msimamizi wa Uchaguzi. Akavua miwani, akaifuta, akatazama. Uso wake ukapata nuru ya mtu aliyeondolewa mashaka ya muda mrefu.

"Ndugu wananchi," alisema, "leo nimeona foleni moja, ndefu, na isiyo na utata. Hapa hakuna kisima. Hapa hakuna lori. Kwa hiyo hapana anayeweza kudai kwamba mmesimama kwa ajili ya maji. Mmesimama nyuma ya Jukwaa la Mheshimiwa Dadi Farhani, kwa hiari yenu, tangu alfajiri. Tume imetazama. Mheshimiwa amepita kwa muhula ujao."

Watu walitazamana. Wa mbele walifikiri kutoka katika foleni. Lakini huenda lori lingekuja, na aliyetoka angerudi nyuma kabisa. Hapana aliyetoka.

"Maalim," Bi Mize alinong'ona, akimsukuma kwa ndoo, "sema. Wewe ndiye wanayekujua. Sema sasa hivi, kabla hajapanda gari."

Maalim Ngwali akatoka hatua mbele. Alikuwa na swali lake zima, neno kwa neno, na vina vyake. Udongo wa jana ulikuwa ungali katika mikunjo ya viganja vyake. Akafungua kinywa. Kisha akakumbuka.

"Hodi," alisema.

Msimamizi alikuwa amekwisha kuketi garini. Akageuka, akamtazama yule mzee kwa heshima kubwa.

"Karibu," alimjibu, akafunga mlango.